Wijeti Yangu Haionekani Kwenye Designer: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinazungumzia Qt Designer, ile programu ya kupangia madirisha ya Qt (maktaba ya kutengenezea programu zenye madirisha) kwa kuburuta wijeti, yaani vitufe, visanduku na vipande vingine vya dirisha, badala ya kuandika kila kitu kwa mkono. Naanza na barua ya fundi wa maji na nitakaa hapo kwa muda, kwa sababu tatizo lake limewakwamisha wasomaji wengi na karibu kila mafunzo ya mtandaoni hulipita juujuu.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa mitambo kwenye mradi wa maji hapa Morogoro, Python nimejifunza mwenyewe usiku baada ya kazi. Nimeandika wijeti inayochora tangi: ukingo mweusi, maji ya bluu yanayopanda na kushuka, asilimia katikati. Nikiiendesha peke yake inafanya kazi vizuri. Sasa nataka iwemo ndani ya Designer niiburute kama ninavyoburuta kitufe. Nimeandika faili la kuisajili, nimelipa jina sajili_tangi.py, nikafungua dirisha la amri kwenye Windows nikaandika set PYSIDE_DESIGNER_PLUGINS=. halafu pyside6-designer. Designer inafunguka, kosa halionekani, ila tangi silioni. Nimeondoa PySide6 nikaiweka upya, hali ni ileile.*
*Fundi wa maji, Morogoro*

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa hizo kazi za usiku. Wacha kuondoa na kuweka upya. PySide6 yako, yaani maktaba inayoiwezesha Python kutumia Qt, ni nzima. Una matatizo mawili, na yote mawili ni ya kimyakimya, ndiyo maana umehangaika.

La kwanza ni jina la faili. Designer ya PySide6 inapoanza, inaingia kwenye folda uliyoitajia na kutafuta mafaili ambayo majina yao yanaanza na neno register na kuishia na .py. Mengine yote inayaacha. Mimi napenda sana watu waandike majina ya msimbo wao kwa Kiswahili, na klasi yako iitwe Tangi bila wasiwasi, lakini faili hili moja lazima liitwe register_tangi.py au registertangi.py. Sajili_tangi.py halitafunguliwa kamwe, na hakuna atakayekuambia.

La pili, tazama mwanzo wa mstari pale unapoandikia amri. Kama kuna herufi PS, basi uko kwenye PowerShell, na ndilo dirisha linalofunguka kwenye Windows nyingi za siku hizi. Amri ya set ni ya dirisha la zamani, cmd. Ndani ya PowerShell, set ina kazi nyingine kabisa: inatengeneza kigezo cha ndani cha PowerShell yenyewe, hailalamiki, na Designer haipati habari yoyote. Huko unatakiwa kuandika hivi:

$env:PYSIDE_DESIGNER_PLUGINS = "C:\miradi\maji\wijeti"

Ukiwa kwenye cmd, set ni sahihi, ila usiache nafasi kabla wala baada ya alama ya sawasawa. Ukiacha nafasi, jina la kigezo linahesabiwa pamoja na ile nafasi, na Designer inatafuta jina lisilokuwapo. Na badala ya ile nukta andika njia kamili ya folda. Nukta maana yake ni "hapa nilipo", na leo uko kwenye folda ya mradi, kesho utafungua dirisha la amri likiwa kwenye folda ya nyumbani.

Faili la kusajili lenyewe ni fupi. La kwako liwe hivi, likae folda moja na tangi.py:

from PySide6.QtDesigner import QPyDesignerCustomWidgetCollection
from tangi import Tangi

XML = """
<ui language='c++'>
    <widget class='Tangi' name='tangi'>
    </widget>
</ui>
"""

QPyDesignerCustomWidgetCollection.registerCustomWidget(
    Tangi, module="tangi", group="Vifaa vya Maji",
    tool_tip="Kiwango cha maji tangini", xml=XML)

Usishtuke kuona c++ kwenye XML wakati wewe unaandika Python. Ndivyo Designer inavyotaka, iache hivyohivyo. Neno lililo kwenye group ndilo kichwa utakachokiona upande wa kushoto, kwenye Widget Box, chini ya vitufe na vibao vya kawaida. Jina la klasi ndani ya XML lifanane herufi kwa herufi na jina la klasi ya Python.

Sasa nisikilize hapa, maana hili ndilo ningependa ulichukue kuliko yote. Usizoee kuiandika ile amri kwa mkono. Kigezo cha mazingira, yaani jina lenye thamani ambalo programu husoma inapoanza, kama hiki PYSIDE_DESIGNER_PLUGINS, ukikiweka kwenye dirisha la amri hufa dirisha likifungwa. Wiki ijayo utafungua Designer kwa kubofya alama yake, tangi halitakuwapo, nawe utaanza upya kutafuta kosa ambalo halipo. Na mwenzako wa ofisini akichukua mradi huo hatajua kabisa kwamba kuna amri ya kuandika kabla. Kwa hiyo, kila mradi wenye wijeti zake uwe na faili dogo la kufungulia Designer, likae juu kabisa kwenye folda ya mradi, na liingie kwenye Git pamoja na msimbo mwingine. Sisi tunaliita fungua_designer.py:

import os, subprocess
from pathlib import Path

hapa = Path(__file__).resolve().parent
mazingira = os.environ.copy()
mazingira["PYSIDE_DESIGNER_PLUGINS"] = str(hapa / "wijeti")
subprocess.run(["pyside6-designer"], env=mazingira)

Basi. Linajua lenyewe liko wapi, kwa hiyo hata mradi ukihamishiwa diski nyingine au kompyuta nyingine linafanya kazi. Halijali PowerShell wala cmd wala Linux. Ukiwa na mazingira pepe ya Python, yawashe kwanza ili pyside6-designer inayopatikana iwe ya mradi huo, siyo nyingine iliyobaki kwenye kompyuta tangu zamani. Ukiwa na folda mbili za wijeti, ziunganishe kwa os.pathsep, kwa sababu Windows hutenganisha folda kwa nukta-mkato na Linux kwa nukta mbili, na os.pathsep inajua tofauti hiyo.

Yapo mafunzo yanayoshauri kunakili mafaili yako ndani ya folda ya Python au ya Qt yenyewe ili Designer iyaone bila kuambiwa. Nawasihi wasomaji wote waache tabia hiyo. Siku utakayopandisha toleo la PySide6, folda ile inabadilishwa, na wijeti zako zinaondoka nayo.

Kabla sijakuachia, ndugu fundi, ifanyie Tangi mambo mawili. Hakikisha __init__ yake inapokea parent=None na haidai kitu kingine cha lazima. Designer haijui ujazo wa tangi lako ni lita ngapi, kwa hiyo ukidai ujazo ndani ya __init__ itashindwa kuiunda. Halafu ifanye asilimia iwe sifa halisi ya Qt:

kiwango = Property(int, soma_kiwango, weka_kiwango)

Property inatoka PySide6.QtCore. Ukishafanya hivyo, bofya tangi ndani ya Designer, tazama kulia kwenye Property Editor, shuka mpaka kwenye kichwa cha Tangi, na utakuta kiwango kinakusubiri. Andika 75 na maji yatapanda palepale, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu kuu. Yasipopanda, mwisho wa weka_kiwango umesahau self.update(), ambayo ndiyo inayoiambia Qt ichore upya. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa ya kazi yote: msimamizi wako asiyejua Python anaweza kukaa karibu nawe, akaona tangi likiwa robo na likiwa limejaa, akakwambia rangi ya hatari ianzie wapi.

*Habari mwalimu. Natumia PyQt5. Wijeti yangu inasoma kipima joto kupitia Arduino. Nikiiburuta kwenye dirisha, Designer inaganda. Siku nyingine inajifunga yenyewe ghafla na kazi yote inapotea. Je, PyQt5 ni mbovu?*
*Mwanafunzi wa uhandisi, Nairobi*

Nzuri, dada. Hapana, PyQt5, ambayo nayo ni maktaba ya kuiunganisha Python na Qt kama PySide6, si mbovu. Designer haichori picha ya wijeti yako, inaiunda wijeti yenyewe, na __init__ yako inaendeshwa ndani ya Designer. Bila shaka humo ndani ndimo umefungua mlango wa Arduino kwa serial.Serial na kuita readline(). Usipoiwekea timeout, readline() husubiri bila kikomo, na wakati inasubiri Designer nzima inasubiri pamoja nayo. Ukiburuta wijeti ya pili, Windows inaukatalia mlango huohuo kwa sababu wa kwanza bado umeushika.

Kuhusu kujifunga ghafla: tangu PyQt 5.5, kosa la Python ambalo halikushikwa, likitokea ndani ya msimbo ulioitwa na Qt kama vile paintEvent, linaizima programu nzima. Ndani ya Designer, programu hiyo inayozimwa ni Designer. Kwa hiyo hifadhi faili lako la .ui, lile linalobeba mpangilio wa dirisha, kila mara unapojaribu wijeti mpya.

Dawa yake si kuweka try kila mahali. Iondoe kabisa habari ya Arduino kwenye wijeti. Kipima joto cha kwenye skrini kijue kuchora namba kiliyopewa, basi. Kusoma mlango ni kazi ya klasi nyingine, iliyo kwenye uzi (thread) wake, inayotoa ishara kila ikipata namba, na programu kuu ndiyo inayoiunganisha ishara hiyo na wijeti. Ukipanga hivyo utaweza hata kuijaribu wijeti ukiwa basini bila Arduino.

Na kwa kuwa unatumia PyQt5, usifuate majina niliyompa fundi wa Morogoro. Kwenu faili la kusajili lazima liishie na plugin.py, kwa mfano kipimajotoplugin.py, na kigezo cha mazingira ni PYQTDESIGNERPATH. Ndani yake mnaandika klasi inayorithi QPyDesignerCustomWidgetPlugin, yenye mbinu kama name(), group(), createWidget() na includeFile(). Kazi ni ileile lakini maandishi ni mengi kidogo. Nimeona watu wakichanganya mifano ya PyQt na ya PySide kwenye folda moja, na hapo hakuna kinachoonekana upande wowote.

*Mwalimu, nimefanikiwa! Wijeti inaonekana kwenye Designer, nimepanga dirisha zima. Lakini nikiendesha programu napata ModuleNotFoundError: No module named 'saa'. Wijeti iko kwenye folda ya wijeti, faili kuu liko nje.*
*Msomaji, Mwanza*

Umebakiza kidogo. Designer iliipata moduli kwa sababu uliitajia folda ya wijeti. Programu yako haikutajiwa. Ukigeuza .ui kuwa msimbo wa Python kwa amri ya pyside6-uic, faili linalotoka linaandika from saa import Saa, kwa kufuata lile neno uliloweka kwenye module wakati wa kusajili. Badilisha kwenye faili la kusajili iwe module="wijeti.saa". Kisha fungua faili la .ui kwa kihariri cha matini. Ni XML, inasomeka. Shuka mpaka kwenye sehemu ya customwidgets, na kama header bado imeandikwa saa, andika wijeti.saa. Endesha pyside6-uic tena.

Wale mnaofungua .ui moja kwa moja kwa QUiLoader bila kuigeuza, ninyi mnahitaji kuita registerCustomWidget(Saa) kwenye hicho kipakiaji kabla ya load(). La sivyo hakitajua Saa ni nini.

*Kuna haja gani ya usumbufu wote huo? Mimi natumia Promote to… na maisha yanaendelea.*
*Mtengeneza programu, Dodoma*

Kwa wijeti moja unayoitumia kwenye dirisha moja, nakubaliana nawe kabisa. Weka QWidget ya kawaida, bofya kulia, chagua Promote to…, andika jina la klasi na jina la moduli, umemaliza. Hakuna kigezo cha mazingira wala faili la kusajili. Ubaya wake ni kwamba ndani ya Designer utaona mraba mtupu, kwa sababu Designer bado inaunda QWidget tu, na sifa kama kiwango hazitokei kwenye Property Editor. Mimi huvuka kwenda kwenye programu-jalizi, yaani wijeti iliyosajiliwa ndani ya Designer kama Tangi, pale mtu mwingine asiyeandika msimbo anapohitaji kupanga madirisha, au wijeti ileile inapoanza kutokea dirisha baada ya dirisha. Kama hujafika huko, endelea na Promote.

*Salaam aleikum. Nimeandika programu-jalizi kwa C++, nimeijenga kwa MinGW, nimeiweka kwenye plugins/designer. Nikifungua .ui ndani ya Qt Creator haipo.*
*Mhandisi, Mombasa*

Waaleikum salaam. Designer iliyo ndani ya Qt Creator ni sehemu ya Qt Creator, na Qt Creator ya Windows inayotolewa rasmi imejengwa kwa kikusanyaji cha Microsoft na toleo lake lenyewe la Qt. Programu-jalizi ya MinGW, ambayo ni kikusanyaji kingine, haiwezi kuingia humo. Njia ya haraka ni kuacha kufungulia .ui ndani ya Creator. Nenda kwenye folda ya bin ya Qt ileile uliyojengea, ile yenye mingw kwenye jina lake, ufungue designer.exe iliyomo humo. Na ujenge kwa Release, siyo Debug.

Ikibaki haionekani, fungua menyu ya Help, chagua About Plugins. Huko Designer inaorodhesha zilizopakiwa na zilizoshindikana, na hizo zilizoshindikana inakueleza sababu. Watu wa Python nao wakipita hapo watajua kama daraja la Python lenyewe limepakiwa. Ukihitaji maelezo zaidi, weka QT_DEBUG_PLUGINS=1 kwenye mazingira kabla ya kufungua, uone kila faili linalojaribiwa.

*Natumia Linux na Python niliyoiweka kwa pyenv. Designer inafunguka lakini hakuna wijeti ya Python hata moja inayokubali, hata ya mfano.*
*Msomaji, Arusha*

Ili Designer iendeshe Python ndani yake, inahitaji maktaba ya Python ya kushirikiwa, libpython yenye kiambishi .so. Python iliyowekwa kwa pyenv, chombo cha kuwekea matoleo ya Python, inaweza kuwa imejengwa bila maktaba hiyo. Ijenge upya ukiwa umetanguliza PYTHON_CONFIGURE_OPTS="--enable-shared" kabla ya pyenv install, kisha utengeneze mazingira pepe mapya juu yake. Na ufungue kwa pyside6-designer, usifungue kwa amri tupu ya designer iliyokuja na mfumo. Ile ya PySide6 ndiyo inayojishughulisha kuipakia libpython kabla Designer haijaanza.

*Nimetengeneza programu ya famasi kwa PyQt6, yenye wijeti zangu nne. Nataka kuiuza bila kutoa msimbo. Rafiki yangu ananiambia siruhusiwi.*
*Mjasiriamali, Kampala*

Rafiki yako kakuambia kweli. PyQt inatolewa na Riverbank Computing kwa leseni ya GPL toleo la 3, inayodai anayepewa programu apewe na msimbo wake, au kwa leseni ya kulipia. Ukitaka kuuza huku umefunga msimbo, unanunua leseni. PySide6 inapatikana pia kwa LGPL, ambayo inakuruhusu kuuza programu iliyofungwa mradi utimize masharti yake, likiwemo la kumwachia mteja uwezo wa kubadilisha maktaba ya Qt kwa toleo jingine. Suala hilohilo la leseni ndilo lililowafanya Nokia, waliokuwa wamiliki wa Qt wakati huo, waanzishe PySide mwaka 2009 baada ya kutoafikiana na Riverbank. Ukiwa na mkataba mkubwa mkononi, mwone mwanasheria asome leseni yenyewe.

Kuhama si kazi ya kutisha. pyqtSignal inakuwa Signal, pyqtSlot inakuwa Slot, pyqtProperty inakuwa Property. Mafaili yako ya plugin.py unayaandika upya kuwa register, na ukiangalia mfano wa Tangi hapo juu utaona kila moja ni mistari michache. Mafaili ya .ui yanabaki kama yalivyo, kwa sababu Designer ni ileile kwa wote wawili, ila geuza yote upya kwa pyside6-uic na ufute yale yaliyotengenezwa na pyuic6 yasije yakaitwa kwa bahati mbaya.